Lori la Kudai Farasi Wangu

Jumatatu, 2 Septemba

Farasi wangu katumbukia! Mweusi wangu, niliyemlea tangu mtoto, nikamfundisha kuruka mitaro. Nilikuwa navuka daraja ndani ya gemu yetu ya mtandaoni, Falme za Ukungu. Farasi akapita katikati ya mbao kana kwamba hazipo, mimi nikabaki naning'inia hewani na upanga wangu. Nikiuliza aliko, gemu inajibu kwamba farasi wako yuko safarini. Safari gani? Nani kamruhusu?

Kampuni ya Soltae inaijua kasoro ya daraja tangu majira ya kuchipua. Imefanya nini? Imebandika sura ya mwimbaji anayeitangaza gemu kwenye kila kituo cha treni. Imetoa soksi za gemu. Imeungana na wauza kuku wa kukaanga, ukinunua ndoo unapewa kofia ya vita. Fundi wa daraja, hakuna.

Mama alinikuta nalia mezani, akauliza nani kafa. Nikamweleza. Akasema mtu mzima mwenye kipara kinachoanza halilii katuni, tena wali unapoa.

Jumatano, 4 Septemba

Mkutano wa mashabiki, duka la kahawa mtaa wa Seohyeon. Nimechaguliwa mwenyekiti! Nilipendekeza jina langu mwenyewe, wengine walikuwa wanaangalia simu.

Tumeamua kufanya wafanyavyo mashabiki wote wenye heshima zao hapa Korea: tukodi lori lenye skrini kubwa, tuliegeshe mbele ya kampuni kule Pangyo, liwaoneshe malalamiko yetu mpaka waone haya. Hakuna kelele, hakuna mawe. Kampuni zinaogopa lori kuliko polisi.

Makamu wangu ni Tak Eun-byul, muuguzi wa meno. Naye kapoteza farasi palepale. Akasema, kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kumng'oa, kwamba tuandike maneno mawili tu: TENGENEZENI DARAJA. Maneno mawili! Lori zima! Nikamwambia dada yangu, watu hawasomi, watu wanatazama. Niachie mimi.

Ijumaa, 6 Septemba

Video imekamilika. Sijui kipaji hiki nilikificha wapi. Mweusi anaruka juu ya mwezi, manyoya yanapepea, ngoma zinalia, fataki zinapasuka. Michango yote ya wanachama iliyobaki baada ya kulipia lori imeishia kwenye fataki.

Eun-byul akauliza daraja liko wapi. Nikasema daraja lina sura mbaya, litaharibu picha. Akauliza na yale maneno? Nikamjibu yapo, mwishoni kabisa, baada ya fataki. Akataka kujua kama nimeajiriwa na Soltae. Wivu tu huo.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya lori! Nimemwambia bosi wangu wa duka la miwani kwamba jino linaniua.

Pangyo nzima imesimama. Watu wanapiga picha. Wasichana wa shule wakaja kuuliza gemu hii nzuri inaitwaje. Mzee Ma, dereva wetu, alikuwa ameshaiweka kwenye simu yake kabla ya chakula cha mchana. Akanishika bega, akasema, "Mwanangu, kampuni yenu imejua kutangaza."

Eun-byul ndiye aliyegundua tatizo. Video ni ndefu kuliko nafasi tuliyolipia. Inarudi mwanzo kabla maneno hayajatokea. Siku nzima hakuna aliyeliona neno daraja. Nikasema angalau tumewavuta watu. Akaenda kuokota boksi, akaandika maneno yake mawili kwa kalamu nene, akasimama nalo mwenyewe.

Jumanne, 10 Septemba

Soltae wamejibu! Wametuletea gari la kahawa ya bure lenye bango: ASANTENI MASHABIKI KWA UPENDO WENU. Upendo! Tumekuja kuwaaibisha! Wanachama wote wakapanga foleni. Mimi nilikunywa kwa hasira, kikombe cha kwanza na cha pili.

Kisha akashuka Bi Noh Yeon-ju wa Idara ya Masoko. Akainama mpaka nikaona kisogo chake, akanipa kadi yake kwa mikono miwili. Sijawahi kuinamiwa vile. Akasema ofisi nzima imelia kwa video yangu, wanaitaka iwe tangazo lao la sikukuu ya Chuseok.

Nikakunja uso. Nikasema kwanza daraja! Akasema kwa masikitiko kwamba daraja ni la idara nyingine, na mafundi wa idara hiyo wote wamehamishiwa kwenye soksi. Ila Mweusi anaweza kurudi leoleo, tena na tandiko la dhahabu.

Nikamwuliza dhahabu inayong'aa au iliyofifia kidogo.

Alhamisi, 12 Septemba

Mweusi karudi! Nimefurahi hadi nimembusu kwenye skrini. Tandiko linang'aa.

Video yangu iko kila kituo cha basi. Soltae wamemtumia Mama boksi la zawadi ya sikukuu, nyama ya kopo. Sasa anawaita watu wa maana, anauliza kama wana binti ambaye hajaolewa.

Eun-byul kaandika kwenye jukwaa letu la mtandaoni kwamba mwenyekiti katuuza kwa tandiko. Uongo mtupu, hajataja nyama.

Jumamosi, 14 Septemba

Msiba. Tangazo limeleta wachezaji wapya wengi ajabu. Wakaniomba niwaoneshe tandiko. Nikapita mbele yao kifua mbele, wananishangilia, nikasahau kabisa naelekea wapi. Daraja! Mweusi kaenda na dhahabu yake. Wapya waliokuwa wananifuata wakatumbukia nyuma yangu, mmoja mmoja, bado wanashangilia.

Nikampigia Bi Noh. Akasema ameumia sana, na soksi za Chuseok zimetoka.

Mkutano wa dharura. Eun-byul akagombea uenyekiti kwa hoja yake ileile ya maneno mawili. Nikashinda mimi! Wapya wote walinipigia kura, wanasema waliipenda ile video.

Nimejichunguza kwa unyofu, na kosa nimeliona: lori lilikuwa moja. Safari hii mawili. Farasi watatu, fataki, na theluji. Nimeshaanza kuchora. Eun-byul kauliza kwa upole maneno yatakaa wapi. Nimemwomba asitukimbize, theluji kwanza, maneno tutatafuta pa kuyabana.