Ukuta wa Jiko la Mama Léontine

Jumatatu, 7 Julai

Nimefika Wamaza, makalio yamekufa ganzi kwa pikipiki. Chama cha wasanii cha Kasongo kimetuleta porini wawili, mimi na Fabrice mchongaji, tupate msukumo. Kazi bora itafungua maonyesho Kasongo tarehe 20. Nikikosa, narudi kuchora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Fabrice tayari ameokota gogo. Mimi sina haraka. Msukumo hautafutwi, unapokelewa. Nalala nikiusubiri.

Jumatano, 9 Julai

Umekuja! Nimechora bonde zima, mpaka ukungu wake. Gundi ya kupaka kitambaa ili rangi ishike niliisahau nyumbani, basi nikapaka uji mzito wa muhogo. Uvumbuzi wangu! Fabrice akauliza kama nimeutia chumvi. Wivu mtupu. Picha nimeianika uani.

Alhamisi, 10 Julai

Mbuzi wa Mama Léontine, mwenyeji wetu, amekula bonde. Ukungu pia. Nilimtaka mama aombe radhi kwa niaba ya mnyama wake. Akanijibu taratibu:

“Artiste Amuri, mbuzi iko na kosa gani? Weye njo ulimupikia bukari.”

Bukari, yaani ugali! Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kweli nimelia.

Jumamosi, 12 Julai

Kiangazi, kina mama wanasiriba nyumba. Mama Léontine aliniona nimenuna, akanipa kazi ya kukanda udongo. Mwekundu wa kichuguu, mweupe wa mtoni, na makaa yaliyosagwa. Nikaanza kupaka kwa viganja, mikono ikaenda yenyewe! Kufika jioni, ukuta wa jiko umejaa wanawake wanatwanga mpunga, na mbuzi yule pembeni, tumbo kubwa. Majirani wamekuja kutazama. Hata Fabrice amekiri kwamba gogo lake halifui dafu. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, 14 Julai

Fabrice anauliza ukuta utafikaje Kasongo. Swali la mtu aliyeshindwa! Mama Léontine anashauri chama kije kuutazama hapahapa, atawapikia wali. Nimemshukuru, nikakataa. Radjabu, mwenye pikipiki iliyonileta, hubeba vitanda, mabati, hata milango. Ukuta utamshindaje? Kesho tunaukata vipande, mama nitamjengea mwingine, na Kasongo nitaviunganisha upya. Gundi ninayo safari hii. Nimepika sufuria nzima ya uji wa muhogo, mzito kweli. Nimeuacha uani upoe.