Kampuni ya Sabuni ya Hikosuke

Jumatatu, 3 Machi 1873
Miaka ishirini nimeuza mafuta ya kupaka vifundo vya nywele vya wanaume wa Osaka. Leo, wateja wawili. Mmoja alikuwa anaulizia njia. Serikali imeruhusu watu kunyoa vifundo, basi samurai wenyewe wanapita mtaani na vichwa kama vifaranga. Sitetereki! Ghala limejaa mafuta, na sabuni ya Wazungu hutengenezwa kwa mafuta. Naanzisha kampuni. Mke wangu Otsuru aliuliza kama najua kupika sabuni. Nilimjibu mimi ni mwanzilishi, si mpishi.

Jumatano, 5 Machi
Kibao kimetundikwa! Jirani Jinbei, muuza miavuli, akauliza kampuni ina watu wangapi. Wawili, nikasema. "Basi, jirani, hiyo si kampuni. Hiyo ni ndoa." Mtaa mzima ukacheka. Mshenzi!
Tumechemsha mafuta na maji ya majivu. Nikaona uji mwepesi, nikaongeza majivu. Otsuru alichota bakuli moja akaweka kando, akasema majivu yametosha. Nikaongeza tena.

Ijumaa, 7 Machi
Imeganda! Ngumu kama tofali. Bi Otaki, mwenye bafu kubwa la mtaa, atakuja keshokutwa kuijaribu. Akiipenda, tumeokoka. Akiikataa, tunafunga duka na kwenda kuishi kwa baba mkwe, mzee anayelima figili na kunisema tangu alfajiri.

Jumapili, 9 Machi
Watu arobaini mlangoni. Nikaomba mtu ajitolee kuoshwa. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Basi nikasugua kichwa changu mwenyewe, na kifundo changu nilichokitunza tangu ujana. Povu! Makofi! Kisha kichwa kikawaka moto. Nilipiga kelele ambazo mwanzilishi hapaswi kupiga. Jinbei akanimwagia ndoo ya maji. Maji yakaenda, na kifundo kikaenda nayo.
Nikatangaza kwamba inaosha na kunyoa kwa mkupuo mmoja.
Bi Otaki akafunga mtandio wake. "Wateja wangu wanakuja kuoga, Bwana Hikosuke. Hawaji kunyonyolewa."
Akaondoka. Nikaketi kwenye ndoo. Niliziona figili wazi kabisa.
Ndipo Otsuru akatoka mbio na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa. Kile cha bakuli! Akamkuta Bi Otaki kwenye daraja. Bi Otaki akashuka, akanawa mikono mtoni. Akanusa. Akanawa tena.

Jumanne, 11 Machi
Bi Otaki anataka sabuni kila wiki, kwa sharti moja: Otsuru apike, mimi nisisogelee sufuria. Sharti la ajabu, lakini wateja tunawavumilia.
Otsuru alinipaka dawa utosini. Alicheka mpaka dawa ikaniingia sikioni. Nilitaka kumshukuru. Nikajikuta nimesema kwamba kazi ya mwanzilishi ni kujua kuchagua watu. Akabonyeza palepale panapouma.

Alhamisi, 13 Machi
Biashara inakwenda yenyewe! Inaonyesha jinsi nilivyoipanga vizuri. Kwa kuwa nina nafasi, leo nimezungumza na baharia mmoja anayejua jinsi viberiti vinavyotengenezwa. Alieleza haraka, nami nikaelewa karibu nusu. Inatosha. Otsuru sijamwambia, asije akaanza maswali. Chumba cha kuvitengenezea nimeshapata kwa muuza nyasi za mikeka. Kizuri sana. Kikavu kabisa, nyasi mpaka darini.