Mkosaji Namba Moja

"Idara ya Usalama wa Barabara inawatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, barabara zote ni barabara, zikiwemo zile zisizokuwepo."

Tangazo lilibandikwa kila ukuta uliokubali gundi. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa wagumu wa kuelewa. Atakayeendesha gari vibaya ndani ya mashine ya gemu atahesabiwa ameliendesha vibaya mjini. Alama atakazopewa na mashine ndizo alama zake za makosa, na zikivuka mia moja, leseni yake ya kweli inachukuliwa. Wakosaji watashughulikiwa kwa mpangilio wa orodha: wa pili haguswi mpaka faili la wa kwanza lifungwe, na faili hufungwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe baada ya kumhoji mkosaji ana kwa ana. Rufaa hakuna. Mkurugenzi Mkuu, aliyeitunga kanuni nzima peke yake asubuhi moja, hakuona ni nani angeihitaji.

Lilikuwa jambo la busara. Ajali zilikuwa zimezidi, mashimo yalikuwa yanameza matairi, na taa za njia panda zilikuwa zimekufa zote isipokuwa moja, nayo ilikuwa nyekundu tangu mwaka juzi. Ilibidi Idara ianzie mahali. Ikaanzia kwenye ukumbi wa gemu wa Shangazi.

Mkosaji wa kwanza kupatikana alikuwa dereva wa gari la mkate, ambaye mtaa mzima unamwita Kobe. Miaka kumi na tisa alikuwa amesambaza mikate bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Akifika kwenye tuta husimama kwanza, akalitazama, kisha akalipanda kama mtu anayepanda kitanda alicholala mtoto mchanga. Wenzake humpigia honi, humtukana, humpita.

"Mkate ukibondeka haunyooki," huwajibu, kwa sauti ambayo hakuna anayeisikia kwa sababu wameshafika mbali.

Lakini saa saba mchana, trei zikiwa tupu, Kobe huingia kwa Shangazi. Hukaa kwenye kiti chenye kiraka cha koti la mvua, hushika usukani, na kwa dakika tatu huwa mtu mwingine. Huserereka. Hukata kona kwa ubavu, matairi yakalia, moshi mweupe ukajaa skrini. Hugonga ukuta, akacheka, akaugonga tena ili auzoee. Hakuwa bingwa wa kitu. Hata breki ya mkono aliivuta pale tu aliposikia raha. Dakika tatu zikiisha hujifuta jasho, humshukuru Shangazi, hurudi kwenye gari lake na kuondoka polepole.

Sasa, mashine ile huandika majina ya walioserereka kuliko wengine, herufi nne kila jina. Jumapili umeme ulikatika, mashine ikawasahau mabingwa wote. Jumatatu Kobe akawa wa kwanza kukaa, akapata alama mia nane na kumi na nne, akaandika KOBE. Jumanne, kabla mtu mwingine hajakaa, Idara ikaja na daftari. Orodha ilikuwa na jina moja.

Barua ya kuitwa shaurini ilimkuta nyumbani. Mkewe akaisoma kwa sauti, akavua miwani.

"Mia nane? Wewe? Mimi nilipokuwa na uchungu wa kitinda mimba ulinipeleka hospitali kwa gia namba mbili!"

"Kulikuwa na matuta, mama."

"Mwanao alizaliwa kwenye tuta la tatu!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamkauka, maana mwenye kiwanda cha mkate alikuwa amekwisha kusema: dereva asiye na leseni kwake ni mteja tu. Na mtu wa miaka hamsini na miwili anayejua kazi moja, ataanza ipi?

Shauri lilisikilizwa Alhamisi, palepale ukumbini. Mkurugenzi Mkuu alikuja akiendesha mwenyewe gari la Idara, kwa sababu haamini dereva yeyote aliyepewa leseni na Idara yake. Nyuma yake walikuja maofisa sita wa kuitikia, na karani mmoja, mama mnyamavu ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuacha nafasi tupu kwenye fomu.

"Wewe ndiye Kobe?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa. Ila kule ndani nacheza tu."

"Kila muuaji wa barabarani husema hivyo."

"Mheshimiwa, sijawahi kuua hata kuku."

"Andika," Mkurugenzi akamwambia karani. "Amekiri kuwa kuku wamo hatarini."

Karani akaandika.

Shangazi akasonya. "Baba, hilo gemu usiposerereka halikupi kitu. Limetengenezwa hivyo."

"Gari ni gari, mama. Linaendeshwa kwa sheria. Nitawaonyesha."

Akakaa kwenye kiti chenye kiraka, akatafuta mkanda, hakuuona, akaamuru kosa hilo liandikwe. Kisha akaondoka kwa mwendo wa kistaarabu. Magari mengine yakampita kama nzige. Alipofika kwenye taa iliyochorwa pembeni akasimama, ikiwa nyekundu, akangoja igeuke. Haikugeuka, kwa kuwa ni picha. Maofisa nao wakangoja, mikono nyuma. Dakika tatu zikaisha. Mashine ikapiga kengele ya dharau na kuonyesha: MKUU, ALAMA 0. Juu yake ikasimama KOBE.

Mkurugenzi akaisogelea skrini.

"Kwa nini huyu yuko juu yangu?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni orodha ya wakosaji, mheshimiwa," alisema karani.

"Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza kwa nini dereva wa mkate yuko juu yangu."

Hapo maofisa wakatazamana, maana kweli jambo lilikuwa zito. Idarani hakuna orodha isiyoanza na Mkurugenzi Mkuu: ya wageni, ya pongezi, hata ile ya waliochanjwa homa, ingawa siku ya chanjo hakuwepo.

Akavua koti. "Shangazi! Hii breki ya mkono inavutwa lini?"

"Muulize mtuhumiwa."

Kobe akainama karibu naye. "Ukisikia raha, mheshimiwa."

Mara ya pili aligonga kila kitu. Mara ya tatu alipiga kelele. Mara ya tano kona ikamkubali, gari likalala ubavu, moshi ukafuka, na Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Barabara akaunguruma kwa mdomo wake mwenyewe: "Vruuuum! Pisha! Pisha, we mjinga!" Mara ya tisa ikatokea: MKUU, 1206. Maofisa wakapiga makofi. Hata Kobe alipiga, hakuweza kujizuia.

"Andika!" Mkurugenzi alisema akihema. "Wa kwanza!"

Karani akaandika. Fomu ikapelekwa kwake, akatia sahihi kwa mbwembwe, muhuri ukagongwa. Kisha karani akanyoosha kiganja.

"Nini?"

"Leseni, mheshimiwa. Kuna nafasi ya namba yake."

"Yangu?"

"Ya mkosaji namba moja. Faili la Kobe limesimama mpaka lako lifungwe. Nalo halifungwi mpaka Mkurugenzi Mkuu amhoji mkosaji ana kwa ana."

"Nitajihoji vipi ana kwa ana?"

"Kanuni haisemi, mheshimiwa. Waweza kukata rufaa." Akafungua kanuni, akapekua kurasa zote mbili kwa uaminifu. "Samahani. Huwezi."

Maofisa wakatazama dari. Ilikuwa dari ya kawaida.

Gari la Idara likabaki pale nje, mwenye kuliendesha hana tena leseni. Mvua ikaanza. Kobe, aliyekuwa bado na leseni yake na trei za kurudisha kiwandani, akamfungulia mlango wa upande wa pili wa gari la mkate.

Walikwenda. Kwenye tuta la kwanza akasimama, akalitazama. Mkurugenzi alikuwa amekumbatia trei, mguu wake ukikanyaga pedali ambayo haikuwepo. Mbele yao kona ikajitokeza, pana, yenye maji, inang'aa.

"Bwana Kobe," alinong'ona. "Kidogo tu. Kwa ubavu."

"Hapana, mheshimiwa," Kobe alisema, akashusha gia. "Hapa kuna watu."