Marejeo Arobaini ya Mume Wangu

Ijumaa, 24 Januari
Siku ya arobaini na moja ya ndoa! Leo Alasita, sikukuu ya vitu vidogo vya bandia. Saa sita mchana La Paz nzima ilikuwa sokoni, kila mtu akinunua kijimfano cha kile anachokitamani. Zulma wa ghorofa ya juu kanunua kijigari. Mimi kijishahada cha uprofesa, ukubwa wa kiberiti, nikaandika jina la Edilberto. Kimefukizwa, kimemwagiwa divai. Cha bandia kikibarikiwa, cha kweli hufuata. Nani asiyejua?

Edilberto wangu! Miaka minne anahesabu viazi vinavyonusurika na jalidi huko nyanda za juu. Jarida likiikubali makala yake, anapata ajira ya kudumu. Likiikataa, mkataba unaisha mwezi ujao na tunahamia Oruro kwa mama yake. Chumba kimoja. Na mama mkwe ndani!

Jumapili, 26 Januari
Amepanda mlimani tena. Huko hakuna mtandao, makala kaniachia niitume kesho. Alisema nisiguse kitu, nibonyeze tu. Kisha akanibusu kwenye paji la uso. Nusu ya maagizo ikapotea.

Zulma kaja kuomba chumvi, kachungulia kompyuta, kacheka. Shoga, marejeo kumi na moja tu? Mume wake aliweka sitini! Huo mchuzi wa maji, alisema, usimpelekee mgeni.

Nimelia kidogo. Kisha nikaiomba akili mnemba iongeze. Mashine yenye adabu iliyoje! Imenipa arobaini, na majina ya wasomi, na miaka. Nikatafuta moja, sikulipata. La pili, sikulipata. Nikaiuliza. Ikaomba radhi, ikanipa mengine mazuri zaidi. Hapo nikakikumbuka kijishahada. Si lazima yawepo leo!

Nimeibariki kompyuta kwa divai. Tone tu. Vitufe vitatu vimenata.

Jumatatu, 27 Januari
Nimetuma! Fomu iliuliza kama mwandishi ametumia akili mnemba. Edilberto alishajaza kabla ya kuondoka: hapana, na saini yake nzuri. Kweli kabisa. Yeye hakutumia.

Jumatano, 5 Februari
Barua ya mhariri, Dk. Hortensia Villarroel. Marejeo arobaini hayapo duniani. Lililomsikitisha zaidi ni la ishirini na tatu, utafiti wake yeye mwenyewe wa mwaka 1981. Anasema mwaka huo alikuwa chekechea na hakuchapisha chochote. Makala imekataliwa. Tamko la uongo limepelekwa chuoni. Kuhusu viazi, hakuna hata neno.

Alhamisi, 6 Februari
Edilberto kateremka. Midomo imepasuka kwa baridi. Mfukoni kaniletea kiazi cha zambarau, umbo la moyo! Nikampa barua. Kaisoma amesimama. Akaniuliza polepole kama niliigusa makala. Nikasema niliipamba tu, mpenzi.

Akaketi. Akasema kuna mzee huko juu, Severo, aliyemwachia shamba miaka yote minne bila kudai kitu. Asubuhi hii mzee alimuuliza viazi vyake vinatoka lini kitabuni.

Nikakichemsha kile kiazi. Hatukukila.

Jumamosi, 8 Februari
Hakunitaja! Kamwandikia mhariri kwamba kilicho chini ya jina lake ni chake, na kosa ni lake. Mapenzi gani haya! Chuo hakimwongezei mkataba. Zulma katuletea maboksi, akasema pole jirani, huku macho yakipima mapazia yetu.

Edilberto amekwenda kurudisha funguo za maabara. Madaftari ya viazi yamerundikwa mlangoni, miaka minne, yamefungwa kwa kamba. Usiku anayafungua, anayafunga tena. Siwezi kumtazama hivi nikakaa bure.

Nimeiomba mashine barua kwa Dk. Villarroel, kwa jina la Edilberto. Radhi ya kutoka moyoni. Nikaiambia iongeze machozi, na ushahidi. Imeweka marejeo sita. Mawili kayaandika Dk. Villarroel mwenyewe. Nani atakataa kazi yake?

Nimeshatuma. Atakaporudi, atafurahi!