Pampu Isiyotaka Kufa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: atakayemaliza jaribio kwanza ndiye kiongozi mpya wa kitengo. Cheo changu hicho! Kazi yenyewe rahisi. Unakiendesha kifaa cha injini mpaka kiharibike, kiwanda kijue uwezo wake. Mimi nimepewa pampu ya maji. Mwenzangu Profesa (si profesa, ni ile miwani tu) kapewa mkanda wa feni. Wake umeshaanza kuchanika. Pampu yangu inaimba.

Jumanne, 5 Machi
Nimeichemsha. Nimeizungusha mpaka meza ikatetemeka na chai ikanimwagikia. Wapi! Haivuji hata tone. Profesa kaniuliza harusi yangu na pampu ni lini.
Mchana nikapata akili. Shangazi! Hakuna gari lililowahi kuzeeka mikononi mwake, yote hufa yangali mapya. Jioni nikamfungia pampu kwenye gari lake, nikasema zawadi. Kanibariki mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Habari njema! Shangazi kapanda ukingo wa barabara, ekzosi imedondoka. Giaboksi inalia. Bampa hajui kaiacha wapi. Nikafungua boneti.
Pampu nzima. Shangazi anasema injini haijawahi kupoa vizuri namna hii.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mkuu anawatembeza wateja maabara, mara Shangazi huyo mlangoni, kaja kushukuru! “Mwanangu huyu kanipa pampu yenu, Mungu amzidishie!”
Mkuu akauliza pampu ipi. Nikatazama dari. Profesa akajibu kwa niaba yangu, tena kwa ufasaha.
Wateja wakatoka kuliona gari. Wakalizunguka kimya kama wamefika msibani. Mmoja akasema kama pampu imepona humo ndani, wao wananunua.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepewa onyo kali kwa kutoa mali ya maabara. Cheo kachukua Profesa. Shangazi naye kaajiriwa: dereva wa majaribio! Kapewa ovaroli mpya. Langu lina tundu kwapani.
Lakini sijafa moyo. Nimekabidhiwa redieta, ngumu ajabu. Nikamkumbuka mjomba, ambaye hajawahi kurudisha kitu cha mtu kikiwa kizima. Nimempigia, kesho anakuja kuichukua. Mtu hujifunza kwa makosa yake: nimemkataza katakata asije kushukuru.