Kitenge cha Msiba Kimebaki Lesotho

Leo Jumapili. Kilichopotea: kitenge kimoja cha msiba, cha bluu chenye ndege weupe, ambacho shangazi yangu alipaswa kunivua Jumamosi ijayo mbele ya watu wetu wote wa Durban. Kimeenda Lesotho. Bila mimi. Nawaeleza mwenyewe, maana najua wengine mmeshaona.

Kwa wasiojua: kaka yangu Desire, tuliyemzika mwaka huu kabla ya baridi kuanza, alikuwa mpishi wa kundi linalopanda milima ya mpakani na Lesotho wakati wa theluji. Wanalala huko juu, kesho yake wanavuka vilele na kuteleza kurudi chini kwa skii. Mimi ni wa kufua mashuka Mobeni, hapa Durban. Skii nimezijua kwa sababu yake tu. Mwaka jana alinifundisha kwenye kilima kidogo, nikaanguka, akacheka, nikamnunia. Kundi liliponiambia linarudia njia yake ya mwisho, ile ya mwaka jana, na nafasi yake ipo, nikasema naenda.

Shangazi Furaha akasema siendi.

"Mtu wa msiba hachezi na barafu! Batu batasema nini?"

"Watasema nimeenda, shangazi."

Akaniangalia sana. "Basi kitenge kisitoke kiunoni. Mimi ndiye nitakitoa. Umesikia?"

Nikasikia. (Shida ndiyo hiyo. Nilisikia sana.) Kwetu Bukavu, Kongo, kitenge cha msiba hujivui mwenyewe. Mkubwa wa familia anakifungua siku ya kumaliza matanga, na kabla ya hapo hata ukiungua moto unaungua nacho.

Kwa hiyo jana nilipanda hivi: viatu vya kaka vimejazwa soksi, suruali yake ya theluji imefungwa kamba, na juu ya yote, kitenge. Watu waliniangalia. Waangalie! Wakati wa kupanda unabandika vitambaa vya manyoya chini ya skii ili usirudi nyuma, unakwenda hatua fupi fupi. Hatua fupi ndiyo mwendo wa kitenge. Nikawapita wanaume wawili. Jioni, kwenye kibanda cha mawe, nikasonga ugali kwa jiko la kaka. Wote walikuwa wanaangalia sufuria.

Leo asubuhi tukafika kileleni. Nilitaka kitu kimoja tu, kusimama alipokuwa anasimama. Nikasimama. Alikuwa ananiambia kule juu kuna kimya mpaka unasikia shingo yako ikigeuka, nami namwambia anatia chumvi. Hakuwa anatia chumvi.

Nikalia kidogo. Ningeishia hapo, mngekuwa mnasoma habari nzuri.

Tukabandua vile vitambaa ili tuteleze. Mzee Piet, kiongozi wetu, akanionyesha kiuno na kutikisa kichwa. Wanjiku, Mkenya anayefundisha chuo, aliyesaidia kupanga mazishi ya kaka, akanifasiria.

"Dada Riziki, mzee anasema hiyo leso uitoe. Kuna upepo."

"Hii si leso. Ni msiba."

"Basi kunja uweke kwa begi."

"Haitoki mpaka Jumamosi."

"Haya. Mimi nimesema." Akatoa simu. (Nilipaswa kujiuliza anatoa simu ya nini.)

Nikashuka. Mwanzo nilikuwa mzuri, jamani, mzuri kabisa! Kisha upepo ukaingia kwa chini. Kitenge kikafura, kikapanda, kikanifunika uso. Sasa naona ndege weupe tu. Nasikia Mzee Piet akipiga kelele kushoto, halafu nyuma, halafu mbali. "Pisheni! Pisheni!" nikaita, kwa Kiswahili, kwenye mlima wenye Wazungu watupu na Mkenya mmoja.

Fundo likaachia. Nikaona mwanga, nikaona kitenge kikiruka juu ya ukingo kuelekea Lesotho, kimenyooka vizuri kama kimepigwa pasi. Nikanyoosha mikono kukidaka. Kamba ya suruali nayo ikakatika.

Niliingia kwenye theluji kichwa kwanza. Miguu juu. Suruali ya kaka magotini. Ndani nilikuwa nimevaa ya kulalia, ya njano, yenye picha za vifaranga. (Iko na joto. Sitaomba msamaha.)

Pale chini alikuwepo mchunga kondoo Msotho juu ya farasi, amejifunga blanketi. Hakucheka. Alishika tu blanketi lake vizuri zaidi.

Njiani kurudi, gari limesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, Wanjiku akashika mdomo. "Eish. Dada, nisamehe." Video alitaka kuituma kwenye kikundi cha safari. Ameituma kwenye kikundi cha msiba! Ndiyo, kile kile cha kupanga mazishi, chenye mchungaji na kwaya nzima.

Nilipofika nyumbani Point, shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo letu, simu mkononi.

"Kitenge iko wapi?"

"Lesotho. Lakini sikukivua, shangazi. Kimejivua."

Akabonyeza simu. Nikasikia sauti yangu: "Pisheni! Pisheni!" Akairudia.

"Na Desire, alikuwa anaanguka hivi?"

"Vibaya zaidi. Na kila baridi alikuwa anarudi."

Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Baadaye alikuwa analia, na mimi pia, na jirani akafungua mlango akafunga.

"Baridi ijayo naenda tena," nikamwambia.

"Najua. Na Jumamosi mimi nitavua nini mbele ya batu? Hewa?"

Akaingia jikoni kwangu, akachukua mkasi, akafungua kitenge chake mwenyewe cha msiba na kukikata katikati. Nusu akajifunga yeye. Haikumzunguka, akaongeza taulo. Nusu nyingine akanifunga mimi. Na kwangu haikufika. Akaniambia nivute tumbo, nikavuta, akaibana kwa pini mbili, ingoje Jumamosi.