Yvette wa Overport na Sailensa ya Bunduki Yake

Tegeni masikio, enyi watu wa jiji letu, wa Overport na Chatsworth, nanyi mnaosubiri taxi kule Queensburgh. Wekeni simu chini, zimeni mashine za kukaushia nywele, na aliye na chai mdomoni aimeze kwanza, maana nasimulia jambo lililotendeka Jumamosi moja ya majira ya baridi, jambo zito kupita vita vyote ambavyo hakuna aliyeumia. Nawe Mola, uliyelikunja sikio la mwanadamu kama konokono ili sauti ipate pa kulala, nipe pumzi nilifikishe mwisho bila kulipunguza.

Alikuwako Yvette, binti wa mwindaji wa Moba kule Kongo, msusi asiyeshindwa na kichwa, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani, ambaye akiinua mkono hata watoto wachanga hunyamaza. Kila mwaka yeye na wenzake wa kanisani walialikwa kwenye shamba moja huko bara, penye swala wengi kuliko majani, wakawinda, na nyama ikaliwa katika sikukuu ya mavuno. Bunduki ilikuwa yake, leseni yake, na shabaha yake pia. Maana mumewe Hardy, simba wa maneno, hakuwahi kumshinda mnyama yeyote isipokuwa aliyekwisha kuchomwa.

Lakini katika msimu uliopita Yvette alifyatua risasi akiwa kando ya mwamba, na ngurumo ikagonga jiwe, ikarudi, ikampiga sikioni, na mlio mwembamba kama wa mbu ukafanya makao humo. Jumapili yake aliwapa waimbaji sauti ya kuanzia, akawapa ya chini mno, na besi wakazama mpaka wakawa wanaguna kama lori linalopanda mlima wa Berea. Waumini walicheka kwa upole. Yvette hakucheka. Daktari alimwambia kuwa mlio ule utaondoka, ila ngurumo nyingine ya namna ile huenda ikauleta ukae moja kwa moja. Hapo akaogopa, wala sisemi hivi kumshusha, kwani sikio lile ndilo lililowaunganisha watu wa Bukavu, Kalemie na Lubumbashi, ambao hawakubaliani hata juu ya namna ya kupika sombe, majani ya muhogo.

"Acha kuwinda, chérie wangu," alisema Hardy. "Nyama iko buchani."

"Baba alinifundisha kuimba na kuwinda," akajibu Yvette. "Sitaua jambo moja ili lingine liishi. Natafuta sailensa."

Sailensa, kwa asiyeijua, ni mkebe unaofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili umeze ukali wa mlipuko. Bunduki haiwi bubu. Hufundishwa adabu tu. Basi Jumamosi ile wakaondoka kwenda duka la silaha kule Queensburgh: Yvette na bunduki yake ndani ya mkoba wake, Hardy aliyekuwa dereva wa msafara, na Gitau, Mkenya, mhadhiri wa uchumi na mwimbaji wa sauti ya tatu, aliyekuja kwa kuwa alikuwa amesoma kuhusu sailensa juma zima na hakuwa na mtu wa kumweleza.

Mwenye duka aliitwa Steve, mtu mpana, mpole, aliyesema Kiingereza polepole. Alizipanga sailensa juu ya kaunta, nazo zikalala pale nyeusi na za kijivu, kama jeshi linalongoja jemadari.

Hardy akanyoosha mkono juu ya iliyo ndefu kuliko zote. "Mama, tazama hii. Hii iko mfalme. Sauti ikiingia humu itatembea mpaka ichoke, itakaa chini, itasahau ilikuwa inaenda wapi. Tuchukue hii turudi nyumbani kwa heshima."

"Kaka Hardy, hilo ni bomba la maji," alisema Gitau. "Dada Yvette, chukua hii nyepesi. Porini utatembea siku nzima, na kila kitu unachobeba utakilipia kwa bega."

Yvette aliufungua mkoba. Alimpa Steve bunduki, Steve akaikagua kuwa ni tupu, akaifunga ile sailensa ndefu, akamrudishia. Ukutani palikuwa na kichwa cha tandala aliyekaushwa. Yvette akamgeukia ghafla, kama mwindaji anavyogeuka kichakani, na ncha ya bunduki, iliyokuwa imefika mbali kuliko alivyozoea, ikaangusha rafu nzima ya kofia.

"Eish," alisema Steve, akaanza kuziokota.

Ndipo Yvette alipofanya jambo ambalo duka lile halikuwahi kuliona. Aliweka kitako begani, akamlenga tandala katikati ya macho, akaanza kuimba pambio, ubeti mzima, taratibu, bila kukatisha pumzi. Wateja wakasimama. Gitau, kwa mazoea, akaingia na sauti ya tatu. Kabla ubeti haujafika nusu, mtutu ulikuwa umeinama kutoka macho hadi pua, kutoka pua hadi kidevu.

"Inanivuta chini," alisema Yvette. "Swala hatanisubiri nipumzike."

Akajaribu ile ya Gitau, na ubeti ukaisha mtutu ukiwa bado kwenye macho ya tandala. Gitau akavimba kifua. Hardy akatazama nje ya dirisha. Lakini Yvette, binti wa mwindaji, aliomba risasi moja ya aina anayotumia, akaisogeza ncha yake kwenye tundu la sailensa, na ncha ikagoma kuingia.

"Hii ni ya risasi nyembamba kuliko yangu," alisema. "Ningefyatua, ingepasuka."

Steve, aliyekuwa bado anaokota kofia, akasimama, akatazama, akaomba radhi kwa kuwa aliichanganya na nyingine. Gitau alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Kuhusu tundu sikusoma," alisema.

Ikabaki moja, nene, fupi mbele, kwa sababu nusu yake hurudi nyuma na kuufunika mtutu kama soksi. Tundu lilikubali, hesi za kufungia zikashikana, na ubeti ukaisha bila mtutu kuteleza hata kope moja kutoka macho ya tandala.

"Lakini iko mbaya," Hardy alinung'unika. "Iko kama chupa ya chai. Watu watacheka."

"Swala hatacheka," alisema Yvette.

Wakapanda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha ulioko kilimani. Wote wakavaa vizuia masikio. Hardy, akiukumbuka mwamba, akavibana kwa viganja viwili, akafumba macho, akakunja uso wote kuingojea ngurumo. Yvette akalala kifudifudi, akavuta pumzi, akafyatua. Bamba la chuma mbali kule likayumba.

Akanyanyuka, akavua vizuia masikio, akasikiliza. Palikuwa na upepo. Palikuwa na ndege. Sikioni hapakuwa na mbu. Machozi yakamlengalenga, akayaacha.

"Piga basi, mama," alisema Hardy, macho bado amefumba. "Shingo inaniuma."

"Nilishapiga," alisema Yvette.

Hardy akafungua jicho moja, akaliona bamba likiyumba, akamtazama mkewe. Kisha akaipangusa vumbi ile chupa ya chai kwa mkono wa shati lake.

Basi wajukuu wakiuliza, waambieni kuwa kabla ya adhuhuri ile palikuwa na zama za kelele, na kwamba zilikoma pale kilimani, juu ya Queensburgh, kwa mkono wa msusi.